Maziwa ya Homa

Saa tisa usiku. Stima imekatika,
feni imesimama, panga zake tatu
zikinitazama kama kamati.
Hapa Majengo, mwezi wa Februari,
ukuta wenyewe watoka jasho,
na mimi nimejifunika leso mbili
na blanketi la harusi,
meno yagongana.

Msellem hajui nyuzi thelathini na tisa.
Ajua njaa tu.
Amenipapasa kifuani, akarudisha mkono
kama aliyegusa sufuria,
akafikiri kidogo,
kisha akarudi, mdomo wazi.

Jana Bi Somoe alisimama mlangoni
na kikombe cha maziwa ya ng'ombe.
"Usimpe. Ziwa la homa limechacha.
Utamnywesha ugonjwa wako
na wewe mwenyewe wamtazama."
Hakusema kwa ubaya. Mkwe wangu hana ubaya,
ana hofu,
na hofu yake ndiyo ishikayo funguo za nyumba hii.

Kule zahanati Sista Kadzo
alinitoboa kidole, akaingia ndani na tone langu,
akarudi na karatasi.
"Malaria. Meza hizi, na ule kwanza, chakula chenye mafuta.
Mtoto? Mnyonyeshe.
Kwani maziwa ndiyo yaliyougua?"
Akaita mwingine.

Swali lile nililibeba kichwani mpaka nyumbani
kama ndoo isiyo kifuniko.
Lakini njia ni ndefu, usiku mrefu zaidi,
na sasa sijui limebaki kiasi gani.
Sikio hili lasema mnyonyeshe,
sikio hili lasema limechacha,
na katikati ni kichwa, chapasuka.

Nikawasha tochi ya simu.
Nikakamua kwenye kijiko.
Matone manne, mepesi, yenye ubuluu kidogo
kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele.
Nikanusa.
Nikaonja.

Tamu.
Utamu mdogo, wa tui la pili,
usio na habari kwamba mwenye nyumba aungua.
Nikacheka peke yangu.
Mwili huu! Umeshindwa kushika uji,
umeshindwa kufika msalani bila kushika ukuta,
na bado kuna chumba kimoja ndani yake
ambamo mtu amekesha, apika.

"Waonja nini?"
Kumbe Bi Somoe hakulala. Alikuwa mkekani, gizani,
na tasbihi yake, siku zote tatu hizi.
Sikumjibu. Nikamnyoshea kijiko.
Akakitazama, akakitazama,
akalamba ncha,
kama mtu aonjaye chumvi katika mchuzi wa watu.

Kisha akaketi kitandani, kitanda kikalia.
"Wangu wa kwanza," akasema,
"nilishikwa na homa kama hii.
Wakaniambia nimwachishe.
Nikamwachisha."

Akakomea hapo.
Miaka minne nimeolewa humu
na sikuwahi kusikia kwamba Shee, mume wangu,
si kifungua mimba.

Bi Somoe akamchukua mtoto, akamgeuza,
akamweka ziwa la pili.
Akanisukumia mto chini ya kiwiko.
Akaenda jikoni, akarudi na kipepeo cha mkaa
kilichoungua upande mmoja,
akaanza kunipepea taratibu,
kama mtu ambaye maisha yake yote amepepea makaa yawake
na leo ataka yazimike.

Msellem akavuta.
Nikasikia maziwa yakishuka, sindano ndogondogo,
kisha koo lake: gu, gu, kimya, gu.

Homa haikushuka. Ilikuwa bado yasubiri zamu yake
adhana ilipomalizika
na mkokoteni wa maji ukasimama dirishani.
"Mitungi mingapi leo, mama? Miwili?"
"Minne," akasema Bi Somoe, mkono haukuacha kupepea.
"Huyu wangu anywa kwa watu wawili."